Panya, Mvua na Homoni: Kufundisha Mzunguko wa Uzazi katika Shule ya Msingi

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa somo la Sayansi, darasa la sita, katika shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora. Mada ilikuwa uzazi wa wanyama. Andalio la somo nilikuwa nalo, na ubaoni nilikuwa nimechora sungura jike pamoja na watoto wake. Mtoto mmoja wa kiume akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona panya huzaana sana mvua ikishanyesha?" Kabla sijajibu, msichana wa dawati la nyuma akauliza: "Na panya jike naye huingia mwezini?" Darasa zima likacheka. Nami, kwa haraka ya kulituliza darasa, nikasema, "Ndiyo, kila baada ya siku 4 au 5," kisha nikaendelea na sungura wangu.

Jibu lile lilikuwa na tarakimu sahihi na maana potovu. Panya haingii mwezini. Kinachorejea kila baada ya siku 4 au 5 ni jambo jingine kabisa. Msichana yule, ambaye kwa umri wake huenda alikuwa akiuliza habari za mwili wake mwenyewe kwa kupitia panya, aliandika katika daftari lake jambo lisilo la kweli, tena alilipata kwa mwalimu. Swali la yule mvulana sikuligusa hata kidogo. Makala haya yanakusudia kumpa mwanachuo majibu ya maswali yote mawili, kwani hana budi kuulizwa siku moja, na aghalabu huulizwa pale asipokuwa amejiandaa.

Panya watatu

Neno "panya" latutosha nyumbani, lakini darasani halitoshi. Mwalimu wa Tabora ana panya watatu wa kuwatofautisha.

Wa kwanza ni panya wa nyumbani, yule apandaye darini usiku. Huyu ni mgeni. Asili yake ni Asia, naye alifika pwani yetu kwa vyombo vya baharini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita; mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu. Wataalamu huona kwamba aliingia bara kwa kufuata biashara, akijificha katika mizigo. Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora na Kwihara ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kila kituo kilikuwa na nafaka, na tembe zenye dari nene za udongo zilimfaa sana mgeni huyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari yake ikawa rahisi zaidi.

Wa pili ni panya shamba, mwenyeji wa Afrika. Jike wake hutambulikana kwa wingi wa chuchu, ambazo aghalabu ni kati ya 16 na 24. Hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na mara moja huweza kuzaa watoto 11 au zaidi. Huyu ndiye afukuaye mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, na ndiye mvulana wangu aliyemkusudia.

Wa tatu ni panya mweupe wa maabara, ambaye watoto wetu hawajapata kumwona. Ni mzawa wa panya wa kahawia aliyefugwa Ulaya na Marekani mpaka akawa mpole. Karibu yote tuyajuayo juu ya homoni za uzazi wa panya tumeyapata kwake. Kwa hiyo na tuanze kwake, kisha turudi shambani.

Siku nne za panya mweupe

Mwaka 1922 Joseph Long na Herbert Evans, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa kitabu kizima juu ya mzunguko wa uzazi wa panya. Njia waliyoitumia ilikuwa nyepesi. Walichukua ute kidogo kutoka katika uke wa panya kila siku, wakaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Hawakuwa na haja ya kumchinja panya ili wajue hali ya ovari zake, maana chembe za uke hubadilika kwa kufuata ovari. Siku moja kioo hujaa chembe za mviringo zenye kiini. Kesho yake huonekana magamba makavu yasiyo na kiini. Kisha chembe nyeupe za damu huingia, na baadaye hizo hutawala mpaka duru ianze upya. Duru nzima huchukua siku 4, pengine 5.

Wataalamu huzitaja hatua nne: proestrasi, estrasi, metestrasi na daiestrasi. Mwanachuo asijisumbue kuyakariri majina haya kwa ajili ya darasa la sita. Yatosha kusema kujiandaa, joto, kupoa na kutulia. Neno "joto" watoto wa wafugaji wanalijua tangu nyumbani. Wamewasikia wazee wakisema kwamba ng'ombe fulani amepata joto na kwamba anahitaji dume.

Ni nini basi kiendeshacho duru hii? Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa kuwa vitabu humwaga majina ya homoni kama mtu amwagaye karanga mkekani. Mimi hupendelea kuanza na njia ya misafara, ambayo watoto wa Tabora huisoma katika Historia na ambayo baadhi yao huikanyaga kila siku wakienda shule.

Homoni ni tarishi. Tezi humtuma katika damu, naye hupita mwili mzima, lakini barua aliyoibeba hufunguliwa na kiungo kimoja au viwili tu, vile vilivyoandikiwa. Vingine humwona akipita, wala havishughuliki. Katika uzazi wa jike kuna vituo vitatu. Cha kwanza ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Cha pili ni tezi ya pituitari, inayoning'inia chini ya ubongo, nayo kwa panya ni ndogo kuliko punje ya mtama. Cha tatu ni ovari zenyewe. Haipothalamasi hutuma ujumbe kwa pituitari. Homoni ibebayo ujumbe huo ilitambuliwa mwaka 1971 na makundi mawili yaliyoshindana, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Pituitari nayo hutuma tarishi wawili kwa ovari: mmoja wa kukuza vifuko vya mayai, na wa pili, ambaye vitabu humwandika kwa herufi LH, wa kuvipasua vifuko hivyo ili mayai yatoke.

Ovari haikai kimya ikipokea amri tu. Vifuko vya mayai vinapokua hutoa homoni iitwayo estrojeni, na homoni hii hurudi juu kwa ubongo kama taarifa ya kazi. Ikiwa ni kidogo, huuambia ubongo, "Msiharakishe." Lakini ikizidi na kudumu katika wingi huo kwa saa kadhaa, ujumbe wake hugeuka, ukawa, "Tayari, leteni LH." Homoni ni ile ile, njia ni ile ile, ila kiasi kimebadilisha maana. Mwanachuo akilielewa jambo hili moja, sehemu kubwa ya mada ameielewa.

Jambo la ajabu zaidi kwa panya ni kwamba ujumbe huo hungoja saa yake. David Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872, tayari kwa safari, akingoja wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Asingeweza kung'oa hatua kabla hawajafika. Ndivyo ilivyo kwa yai. Mwaka 1950 John Everett na Charles Sawyer walitoa matokeo ya jaribio lililolithibitisha jambo hilo. Siku ya kujiandaa waliwapa panya dawa ya usingizi. Walioipata saa 8 mchana hawakutoa mayai usiku ule. Walioipata baada ya saa 10 alasiri walitoa mayai kama kawaida, kwani ujumbe ulikuwa umekwisha kupita. Na wale waliozuiliwa hawakutoa mayai saa chache baada ya kuamka. Walichelewa siku nzima, hadi saa ile ile ya kesho yake ilipowadia. Ndiyo kusema kwamba katika ubongo wa panya imo saa, nayo hurekebishwa na mwanga wa mchana na giza la usiku. Panya akiwekwa mahali penye mwanga wa taa usiku na mchana kwa majuma mengi, mzunguko wake huvurugika, akabaki katika dalili za joto pasipo kutoa mayai.

Jioni ya siku hiyo homoni ya tatu, projesteroni, huongezeka, na jike huwa tayari kumpokea dume kwa saa chache za usiku. Mayai hutoka kabla ya kupambazuka. Asipopandwa, vifuko vilivyopasuka hugeuka kuwa tezi ndogo ambazo hufifia upesi, na duru huanza tena. Akipandwa, kile kitendo chenyewe hupeleka habari kwa ubongo kwa njia ya neva, na pituitari huanza kutoa prolaktini mara mbili kila siku ili kuzidumisha tezi zile. Tezi zikidumu, projesteroni nayo hudumu, na mji wa mimba huwa tayari kupokea. Hata kama dume alikuwa tasa, mwili wa jike hujidhani una mimba kwa siku 12 hadi 14. Mimba ya kweli huchukua siku 21 hadi 23, na katika siku ile ile ya kuzaa jike huweza kupata joto tena, akashika mimba mpya huku akinyonyesha.

Mvua yaingiaje?

Sasa turudi kwa mvulana. Panya mweupe hupewa chakula kila siku, na taa yake huwashwa na kuzimwa kwa saa, hivyo huzaa mwaka mzima. Panya shamba hana bahati hiyo. Ubongo wake lazima ujue ni majira gani yafaayo kuzaa, maana kunyonyesha watoto 11 wakati wa kiangazi kikali ni kujiua.

Katika nchi za baridi wanyama wengi huyajua majira kwa urefu wa mchana. Tabora iko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haizidi dakika 40. Dalili hiyo ni hafifu. Lililo dhahiri ni mvua, ambayo kwetu hunyesha kati ya Novemba na Aprili, pamoja na majani machanga na mbegu zinazoifuata.

Uzazi wa panya shamba katika Tanganyika uliandikwa na Chapman na wenzake mwaka 1959. Tangu miaka ya 1980 umechunguzwa kwa miaka mingi huko Morogoro na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kushirikiana na wataalamu wa Antwerp, Ubelgiji, na mwaka 1994 Herwig Leirs na wenzake walieleza msingi wake. Majike huanza kuzaa baada ya mvua kubwa. Watoto wao hukua, lakini wengi hukaa miezi mingi bila kupevuka, mpaka mvua za msimu unaofuata. Lakini mvua zikiwahi na kuwa nyingi, vijana hao hupevuka mapema, wakaingiza kizazi kimoja zaidi kabla ya msimu wa kawaida. Hapo ndipo panya hujaa mashambani hata watu wakasema wameletwa na mvua.

Mvua haina homoni. Panya akila majani mabichi na mbegu mpya, hali njema ya mwili wake hufika kwenye haipothalamasi, na kile kituo cha kwanza, kilichokuwa kimepunguza tarishi wake wakati wa njaa, huwatuma tena. Iko pia kemikali iliyomo katika majani machanga. Mwaka 1981 Patricia Berger na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kemikali hiyo peke yake yaweza kuamsha uzazi wa panya mmoja wa milimani katikati ya majira ya baridi. Yule si panya shamba wetu, na mwalimu asiyachukue matokeo yale na kuyabandika Urambo au Sikonge. Vivyo hivyo asihamishe tarehe za Morogoro, ambako kuna vuli na masika, akazileta Tabora kwenye msimu mmoja wa mvua. Ahamishe kanuni: hesabu huanzia kwenye mvua.

Faida ya kanuni hii si ya darasani tu. Wataalamu wamekadiria kuwa panya huharibu kiasi cha asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka wa kawaida. Mkulima aghalabu hutega mitego baada ya kuona mbegu zimefukuliwa, wakati ambapo hasara imekwisha kupatikana. Majike watakaoanzisha kizazi kipya ni wale waliovuka kiangazi, nao wakati huo ni wachache. Kufyeka vichaka vya mipakani na kutega kwa pamoja kijiji kizima kabla ya kupanda huwapunguza wale wachache wenye kuzaa wengi. Mwaka 2018 Apia Massawe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la njia nyingine. Waliwalisha panya shamba chambo chenye homoni mbili za kutengenezwa, kwinestroli na levonojestreli. Miji ya mimba ya majike ikavimba, mbegu za madume zikapungua. Ni barua za uongo zilizopenyezwa katika njia ile ile ya tarishi.

Swali la msichana

Naona swali hili ndilo zito zaidi, ingawa darasa lililicheka.

Watoto wetu huona damu kwa wanyama na kuichukulia yote kuwa kitu kimoja. Sivyo. Mbwa jike hutokwa na damu kabla ya kumpokea dume au anapokaribia kufanya hivyo. Kwake damu ni dalili ya joto linalokuja. Ng'ombe, ambaye duru yake ni ya siku 21 hivi, mara nyingine huonyesha damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha. Hedhi ya binadamu ni tofauti na zote mbili. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ulikuwa umeandaliwa na estrojeni na projesteroni. Mimba isipotungwa homoni hizo hupungua, na ukuta huo huchanika na kutoka pamoja na damu. Yai la mwanamke hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, siyo wakati wa damu. Msichana aliyefundishwa kwamba hedhi ni "joto" kama la mbwa atazihesabu siku zake kinyumenyume, na kosa la hesabu hiyo haliishii katika daftari.

Panya naye hana hedhi kabisa. Katika siku zake 4 tezi za projesteroni hazidumu vya kutosha kuujenga ukuta huo, na kidogo kilichojengwa hufyonzwa tena na mwili. Kwa hiyo jibu nililopaswa kumpa yule msichana ni fupi: "La, panya hupata joto, haingii mwezini, tutayalinganisha Jumatano." Nami ningepata siku mbili za kujiandaa.

Katika kulitekeleza somo sishauri panya aletwe darasani, awe hai au mfu. Panya shamba na panya wa nyumbani hubeba viroboto, na tauni si hadithi ya kale katika nchi hii. Kuku, mbuzi na chati ya ukutani vyatosha. Mwanachuo na aanze na kalenda ya mvua. Darasa lipime mvua kwa kopo lililonyooka na rula tangu Novemba, na kila Ijumaa watoto wataje panya walionaswa kwao nyumbani na shambani. Hesabu za darasa la sita zitaingia zenyewe: jike mmoja azaaye watoto 11 mara 3, jumla yao ni wangapi? Kisha waondoe walioliwa na paka, bundi na nyoka. Kufikia Juni chati itaonyesha kwamba panya huifuata mvua kwa majuma kadhaa wala hawaji nayo siku moja, na huo ndio wakati mzuri wa kuuliza majuma yale yamekwenda wapi: siku 23 za mimba, pamoja na siku za kukua.

Kwa mada ya pili, darasa likichanganya wavulana na wasichana, ni vema maswali yaandikwe kwenye vikaratasi visivyo na majina na kutiwa katika boksi siku moja kabla. Kicheko hupungua, na mwalimu hupata usiku mmoja wa kusoma. Ubaoni chora jedwali lenye wanyama wanne, yaani mwanamke, ng'ombe, mbwa na panya, na mbele ya kila mmoja uandike urefu wa duru, wakati wa yai, na damu huonekana lini. Watoto wa wafugaji watamjaza ng'ombe bila kusaidiwa, na wenye mbwa watamjaza mbwa. Mstari wa panya waachie waujaze wao baada ya maelezo yako: siku 4 au 5, usiku, kabla ya kupambazuka, na katika nafasi ya tatu waandike "hakuna".